Joto la Gongo

Tatu alizikwa Mazingara siku ya Ijumaa, nami nikafika Jumamosi, kwa kuwa miguu ya mtu wa umri wangu haipokei tena amri kwa haraka. Walinikaribisha chumba cha wanawake, nikakalishwa kwenye mkeka karibu na ukuta ili nipate pa kuegemea. Mwanaidi, binti yake Tatu, alinifuta machozi kwa upindo wa kanga yake kabla hajafuta ya kwake, akawageukia wenzake akasema, "Jamani, huyu ndiye Bibi Mwanahamisi wa Korogwe. Ndiye ambaye mama alikuwa akimtaja siku zote. Kaka yetu wa kwanza alipozaliwa kwenye baridi, mama hajiwezi na bibi yetu hayupo, huyu ndiye aliyekaa naye kutwa akimpaka dawa ya joto. Mungu hakupenda tu." Wanawake wakaniamkia shikamoo kwa pamoja. Mmoja akaubusu mkono wangu, huu wa kulia. Nikaitikia marahaba, marahaba, nikaletewa kahawa, nikanywa. Nilikuwa na neno la kusema, neno la miaka hamsini, na hata siku ile lilipofika mdomoni nililimeza pamoja na kahawa. Ninaandika sura hii kwa hasira, na anayeisoma asihangaike kumtafuta aliyenikasirisha. Ni mimi mwenyewe.

Habari za wazazi wangu na za Sindeni nilikozaliwa nitaziruka. Kila mtu ana wazazi, na kila kijiji cha Handeni kina mwaka wake wa njaa wa kusimulia. Inatosha kujua kwamba mwaka wa pili tangu vita vya pili vya Wazungu viishe mvua ilitutupa mkono, nami nikiwa na miaka kumi na tisa na talaka moja nilitumwa Korogwe kwa mama mmoja wa kwetu aliyekaa kwenye kambi za wakata mkonge, upande wa Ngombezi. Shamba lenyewe silitaji jina, maana limeshabadilisha wenyewe mara nyingi. Mama huyo tulimwita Mama Tatu. Alikuwa mjane mnene mwenye sauti ndogo, na kazi yake ilikuwa kupika gongo. Sisi ni Waislamu tangu mababu, na hakuna aliyeniambia habari za gongo mpaka niliposhusha tita langu la nguo mlangoni pake nikasikia harufu. Nikamwuliza, "Mama, hii si haramu?" Alinitazama mbavu, hakunitazama uso. "Haramu," akasema. "Na njaa je? Kaa ule." Akanipakulia ugali na mchunga uliotiwa nazi, na uchungu wa yale majani ulibaki ulimini mpaka jioni. Nilisafisha sahani kwa kidole. Tangu siku hiyo sikuuliza tena kuhusu haramu, na tumbo langu halikunikumbusha.

Chumba chetu kilikuwa kimoja kati ya vyumba kumi vilivyopangwa mstari chini ya bati moja refu. Kuta za kugawa vyumba hazikufika juu. Zilikoma kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na juu yake ilikuwa hewa ya watu wote. Ukikohoa chumba cha kwanza, unapewa pole kutoka chumba cha nne. Chumba kilichofuata chetu kilikuwa cha Tatu, bintiye Mama Tatu, na mumewe Mbwana aliyefanya kazi kiwandani kwenye mashine ya kuparua mkonge. Tatu alikuwa rika langu, mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kununa na mwepesi zaidi wa kusahau alichonunia, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana. Alfajiri, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, niliwasikia wakizungumza kupitia juu ya ukuta. "Akiwa wa kiume ni Salimu," Mbwana anasema. "Jana ulisema Salimu." "Na kesho nitasema." "Mwache kwanza azaliwe. Usimwite mtu hajafika, atakuja mbio." Nilikuwa nikicheka peke yangu chini ya shuka. Siwezi kueleza jinsi nilivyompenda yule mtoto kabla hajaja. Sikuwa na wangu, nilikuwa nimeachwa kwa sababu hiyo hiyo, na kila siku Tatu alinipa tumbo lake nilishike kama mtu anayekugawia chakula bila wewe kuomba.

Gongo tuliipika mchana, bondeni, katikati ya matete karibu na mto. Pombe ya mahindi iliyotiwa sukari guru ikishachacha, tuliitia kwenye debe kubwa, tukaziba mfuniko kwa unga uliokandwa ili mvuke usipite. Bomba la shaba lilitoka juu ya debe, likapita ndani ya hori lililojaa maji baridi, na mwisho wake ukatazama mdomo wa chupa. Kazi yangu mimi ilikuwa moto. "Moto wa gongo ni wa kubembeleza," Mama Tatu alinifundisha. "Ukali wa pombe una haraka, unaondoka kabla maji hayajachemka. Ukitia moto mkubwa, maji nayo yatapanda, utawauzia watu uji." Hakuwa na kipimajoto wala hakujua kama kuna kitu cha namna hiyo duniani. Alipima kwa mgongo wa mkono, akiligusa bomba karibu na debe, kisha katikati, kisha kule mwisho, halafu anasema toa kijiti kimoja, au ongeza viwili. Sijamwona akikosea. Matone ya kwanza kutoka ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote, nayo tuliyaweka mbali kwenye kichupa, hayauzwi, ni ya kupimia na ya dawa.

Pale kando ya debe kulikuwa na joto la kumkatisha mtu tamaa. Moto mbele, jua juu, matete yamezuia upepo pande zote. Nikagundua mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, kwamba nikijipaka yale matone ya kwanza shingoni na kwenye vifundo vya mikono, napata ubaridi mtamu, kama vile mtu amefungua mlango wa nyumba iliyoko milimani Lushoto. Unadumu muda mfupi, ngozi inakauka, unajipaka tena. Mama Tatu alinigombeza. "Unaoga mali yangu, wewe?" Nikawa najipaka akigeuka. Nilifanya hivyo kila siku ya kupika, kwa miezi. Nakuomba wewe unayesoma ulikumbuke jambo hili, kwa sababu mimi siku nilipolihitaji sikulikumbuka.

Wanywaji nao walikuwa na kipimo chao. Unamimina kidogo kwenye kijiko, unakiwasha kwa njiti ya kiberiti. Ikishika moto wa buluu, mzuri, usio na moshi, basi gongo ni ya kweli. Ikikataa, imetiwa maji, na mpishi anatukanwa. Gongo ya Mama Tatu iliwaka mpaka tone la mwisho, na kwa ajili hiyo alikuwa na usemi wake ambao kambi nzima iliuchukua: "Kitu kinachowaka hakimwachi mtu na baridi." Mwenye homa ya kutetemeka alipewa kikombe. Mwenye magoti yanayouma alisuguliwa. Mwenye kikohozi alipakwa kifuani. Na kweli, ukiinywa unasikia njia yote inavyopita ikiwaka, uso unakuwa mwekundu hata kwa mtu mweusi kama mimi, masikio yanafukuta. Nani angebisha? Moto umeuona kwa macho, joto umelisikia kooni. Hakuna aliyewaza kwamba kuni nazo zinawaka, lakini mtu hajifungi kuni kifuani akategemea kupata joto.

Kulikuwa na mkata mkonge mmoja, Mngoni, tukimwita Mapunda. Alikuja kwa mkataba, mrefu, mabega kama mlango. Shamba liliwapa posho ya unga na maharage kila wiki, na Mapunda akawa anatuletea unga wake badala ya kuupika. Mama Tatu alichachisha ule ule unga, akaupika, akampa mwenyewe anywe. "Mimi nakula ugali wangu kwenye kikombe," Mapunda alijisifu. "Nguvu ni ile ile, ila huku hakuna kutafuna." Nguvu alikuwa nazo, sisemi uongo. Alikunywa asubuhi akamaliza kazi yake ya siku kabla ya wenzake. Lakini Mama Tatu, ambaye hakuwahi kuionja gongo isipokuwa kwa ncha ya ulimi, aliniambia siku moja tukichambua maharage, "Usidanganyike na Mapunda. Nguvu imo humu, ila ni ya moto wa mabua. Unalipuka, unapendeza, ukiteleka maharage hayaivi. Chakula kinajenga na kuwaka. Hii inawaka tu." Alijua kiasi hicho, na bado aliupokea unga wa yule mtu kila Jumamosi. Mwezi wa sita, baridi ilipoanza, Mapunda alikaa mlangoni petu kwenye manyunyu bila shati, akitamba kwamba ana joto. Nilipompa kikombe, mkono wangu uligusa kifua chake. Kilikuwa cha baridi kama mtungi. Nikamwambia, "Mbona umepoa hivi?" Akacheka, "Joto liko ndani, dada." Baada ya wiki mbili alibebwa na kichomi, wala hakurudi. Tulisema baridi ilimzidi gongo. Tulisema angekunywa zaidi angepona.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, askari walishuka bondeni wakamkuta Mama Tatu na debe lake. Mimi nilikuwa nimekwenda dukani kununua sukari guru, ndiyo maana nikapona. Walimchukua bomani Korogwe, debe wakalitoboa. Tatu alipopata habari alitoka mbio vile vile alivyo, na mimba ya miezi saba, akaenda kwa miguu mpaka bomani, akakataliwa kumwona mama yake, akarudi kwa miguu kwenye manyunyu. Alifika ameushika mgongo. Kulipokucha alikuwa amekwisha kujifungua. Mbwana alikuwa ameingia zamu kiwandani, na nyapara hakumpa ruhusa, akisema wanawake huzaa kila siku, mashine haisimami kwa hilo.

Aliyemzalisha ni Bibi Chausiku, mkunga wa kambi, Mzigua mwenzetu, mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Mtoto alikuwa wa kiume. Kichwa chake kilienea kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki, kucha zake zilikuwa laini kama utando wa juu wa maziwa, lakini alilia, sauti ndogo yenye hasira, na Tatu akacheka huku analia, akasema, "Si nilimwambia Mbwana asimwite?" Bibi Chausiku alimfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika pamoja kwa kanga mbili na blanketi, akaweka chungu cha makaa karibu na mlango. Kisha akanigeukia mimi. "Mndele," akasema, ndivyo wazee wa Kizigua wanavyomwita msichana, "huyu hajaiva bado. Kifua cha mama yake ndicho chungu chake. Asitoke humo. Msimfunue, hata kumtazama tu. Nakwenda kuswali na kupika uji wa mzazi, nitarudi." Nikaitikia ndiyo, Bibi. Maneno yake niliyasikia yote. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini mimi sikuwa hata na udhuru huo. Nilisikia.

Alipoondoka, Tatu alianza kutetemeka. Alikuwa amepoteza damu, hakuwa amekula tangu jana, na meno yake yaligongana mpaka nikasikia. Baadaye akapitiwa na usingizi, huku mwili ukiendelea kutetemeka kidogo kidogo. Nikapenyeza mkono chini ya blanketi nikaushika mguu wa mtoto. Ulikuwa umepoa. Labda si sana. Labda ulikuwa mguu wa kawaida wa mtoto mchanga, mimi ningejuaje? Ila niliingiwa na hofu, na kwenye hofu ile likanijia wazo nililoliona la akili kuliko la Bibi Chausiku: mama mwenyewe ana baridi, atampaje mtoto joto asilokuwa nalo? Nikakitoa kile kichupa cha matone ya kwanza, kilichokuwa kimefichwa kwenye ufa wa ukuta. Nilihakikisha kwanza, nataka ijulikane kwamba nilihakikisha. Nikatia tone kwenye kijiko, nikawasha, moto wa buluu ukasimama, mzuri, bila moshi. Nikamtoa Salimu kifuani kwa mama yake.

Nilimlaza mapajani, nikampaka. Kichwa, kifua, mgongo, miguu, katikati ya vidole. Alilia kwa nguvu, na ngozi yake ikawa nyekundu, nami nikafurahi, nikasema moyoni sasa dawa inaingia. Nikamfunga kanga. Muda kidogo nikaushika mguu, umepoa kuliko mwanzo. Nikampaka tena. Nilimpaka mara nne, kila mara nikimfunua, kila mara namsugua mpaka kidole changu gumba kikachubuka, na kichupa kikaisha. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa baridi, vidole vinakufa ganzi, vile vile kama bondeni, ubaridi ule ule niliokuwa nikiupenda shingoni mwangu, na sikujiuliza. Ngozi yangu ilikuwa inajua. Ilikuwa ikiniambia kwa miezi mizima, na siku ile iliniambia tena mara nne, ila mimi nilikuwa nimekwisha kuuamini moto wa kijiko. Mara ya tatu hakulia sana. Mara ya nne hakulia kabisa, akafumba macho, akatulia. Tatu aliamka akauliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Amelala. Amepata joto." Akatabasamu. "Ahsante, ndugu yangu," akasema, akalala tena.

Bibi Chausiku alirudi na chungu cha uji wenye pilipili manga. Alisimama mlangoni akanusa. Akaweka uji chini, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akaweka shavu lake juu ya kifua cha yule mtoto, akakaa hivyo kitambo. "Alikuwa na baridi, Bibi," nikasema. "Nimempaka." Alimwamsha Tatu kwa upole, akampa mwanawe amshike, akamwambia Mungu amempokea. Kilio cha Tatu kilipita juu ya kuta za vyumba vyote kumi, na kutoka kila chumba wanawake wakaanza kuja. Ni baadaye tu, nje, tulipokuwa tukichota maji ya kumwosha maiti, Bibi Chausiku alipoweka ndoo chini akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Ulimtoa chunguni." Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine. Nilimchukia kwa neno lile. Nilijiambia mzee huyu ana wivu, hajui dawa, yeye anajua kufunika tu.

Wiki ile niliwasikia tena kupitia juu ya ukuta, Tatu na mumewe. Jina la Salimu halikutajwa. Nilimsikia Tatu akisema, "Mwanahamisi alihangaika naye kutwa. Kidole chake kimechubuka, umekiona? Kama si yeye, mwanangu angekufa kwa baridi peke yake." Mbwana akasema, "Mungu amlipe." Sikucheka chini ya shuka. Lakini nisijitakase, nilifarijika. Mama Tatu alipotoka kifungoni, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Ulimpaka yale ya kwanza?" Nikasema ndiyo. "Uliwasha?" Nikasema iliwaka. Akavuta pumzi. "Basi ulifanya yote. Ni siku zake tu." Huyo ndiye aliyekuwa fundi wetu, mtu aliyeweza kupima moto kwa mgongo wa mkono.

Mwaka uliofuata niliiacha gongo nikapata kazi ya aya hospitalini, kufua na kusafisha. Siku moja aliletwa mtoto mwenye homa kali, macho yamepinduka. Nesi mmoja wa Kishambaa, Bi Naemi, alimwekea kipimajoto, akanionyesha jinsi zebaki ilivyopanda, kisha akamimina spiriti kwenye maji, akachovya kitambaa, akaanza kumpangusa mwili. Harufu ile niliijua kabla chupa haijafunguliwa vizuri. Nikamwambia, "Bi Naemi, huyu ana joto tayari, utamwongezea?" Akanishangaa. "Nimwongezee vipi? Spiriti inapoza. Ikikauka kwenye ngozi inaondoka na joto la mwili. Hujawahi kujipaka?" Baada ya muda akampima tena, zebaki ikawa imeshuka, akaniita nitazame, akidhani ananifundisha kazi. Nilitazama. Nikauliza, na nilijua ninachouliza, "Na ukimpaka mtoto asiye na homa? Mchanga?" "Utamwua," akasema, akakamua kitambaa. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilitoka nikaenda nyuma ya chumba cha kufulia, nikakaa kwenye beseni lililopinduliwa, na pale nikajipaka mate mkononi nikapuliza, kama mtoto, kuona kama ni kweli.

Ningemwambia Tatu. Kila nilipojiandaa kulikuwa na sababu. Mara ana mimba nyingine, nisimtishe. Mara amejifungua Mwanaidi, ana furaha, nisimharibie. Mara Mbwana ameacha kazi kiwandani wamehamia Mazingara kulima, njia ni mbali. Tulikutana kwenye harusi na misiba, na kila mara alinishika mkono huu wa kulia akawaambia watu, huyu ndiye. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami sikuzaa, lakini nilipata mjukuu mmoja, naye ni majuto. Nilijidanganya kwamba siri yangu inaniumiza mimi peke yangu. Mtoto alikwisha kufa, nilisema. Ukweli utamfaa nani?

Siku ya tatu ya msiba, asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka Mazingara na wanawake tulikuwa ndani tunakunywa uji. Aliingia Rehema, mtoto wa Mwanaidi, na kifurushi cha nguo kifuani. Alikuwa amejifungua kabla ya wakati, na hospitali ilikuwa imemruhusu siku chache tu zilizopita. Tulimpokea mtoto kwa kupokezana, ni wa kike, uso kama ngumi ya mzee. Mwanaidi akapanda juu ya kigoda, akashusha kichupa kutoka juu ya kabati, akakitikisa kwenye mwanga. Akanyoosha mkono, akakileta kwangu. "Bibi, mpake wewe," akasema. "Mama amekuwa akitufanyia yeye, na sasa hayupo. Mkono ule ule."

Nilikitazama kile kichupa. Harufu ilinifikia na kizibo kikiwa bado mahali pake, au labda niliikumbuka tu. "Mwanaidi," nikasema, "weka chini. Rehema, mrudishe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike, usimfunue." Wakaniangalia. "Gongo haitii joto mwilini. Ukiipaka inaliondoa. Kaka yenu hakuuawa na baridi ya Ngombezi. Nilimpoza mimi, kwa mkono huu mliobusu." Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu na mlango akasema kwa huruma, "Msiba umemzidi bibi yetu, mpeni maji." Nikamwambia sihitaji maji, nilifanya kazi hospitali mpaka nikazeeka, najua ninachosema. Rehema alikuwa amekwisha kufungua kifungo cha gauni lake na kumtia mtoto ndani. Hakuna aliyenywa uji tena.

Mwanaidi alibaki amesimama, kichupa mkononi. "Mama alijua?" akauliza.

"Hakujua. Sikumwambia."

"Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema uongo. Hakuna aliyebaki hai wa kunipinga. "Kabla wewe hujazaliwa," nikasema.

Alikaa chini polepole, palepale mbele yangu. "Mimi wa kwangu wa kwanza," akasema, "kabla ya Rehema, alizaliwa akiwa wa miezi saba. Mwezi wa saba wa baridi pia. Mama alimpaka mwenyewe, mara tano. Alisema Mwanahamisi alimpaka mara nne tu, labda zilipungua. Wala hakupona." Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aling'oa kizibo, akajimiminia kidogo kiganjani, akakisugua kwa kingine, akaviacha vikauke. Kisha akakiweka kiganja kimoja juu ya shavu lake na kukibakiza hapo, macho yake usoni mwangu.

"Ni baridi, Bibi," akasema.